Kinga, tuta na sanamu: barabara ya Zwin inayofika mpaka Kasongo

Kaka yetu mmoja, mwana wa Kasongo anayeishi Ubelgiji, ametutumia picha. Amesimama na kinga yake kando ya bahari, katika mji wa Blankenberge. Nyuma yake kuna sanamu ya watu wawili. Chini ya picha ameandika swali moja tu: "Hawa walikufia kwetu. Wetu waliokufa siku zile, sanamu yao iko wapi?"

Ili tumjibu vizuri, tufuate kwanza njia aliyopita siku ile. Ni njia ya matembezi, watu wanaipita kwa kujifurahisha siku za mapumziko. Lakini ukiijua historia yake utaona kwamba inatuhusu sana.

Safari inaanzia Bruges. Kutoka hapo unafuata mfereji ulionyooka, wenye miti mirefu pande zote mbili, ukipita Damme mpaka Sluis, mji mdogo wa Uholanzi. Ni kilometa 15 hivi, na hakuna mlima hata mmoja. Mfereji huo ulichimbwa kwa amri ya Napoleon, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Toka Sluis unapita kijiji cha Retranchement, unafika Zwin, hifadhi ya viumbe iliyo mpakani mwa nchi hizo mbili. Kisha unapita Knokke, Heist na bandari ya Zeebrugge, unafika Blankenberge, na kurudi Bruges. Mzunguko wote ni kiasi cha kilometa 60.

Njiani hakuna haja ya kuuliza watu. Kila njia panda ina namba yake, na wewe unafuata namba ulizoandika kwenye karatasi. Ndugu zetu wa Katanga watafurahi kujua kwamba mpango huo ulitoka katika migodi. Mwaka 1995, katika jimbo la Limburg, Hugo Bollen, injinia aliyefanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe, alitumia barabarani utaratibu wa namba uliokuwa ukitumika chini ya ardhi. Baadaye majimbo mengine yaliufuata.

Sasa tuje Zwin yenyewe. Zamani ilikuwa mkono wa bahari. Watu wa huko husimulia kwamba dhoruba ya mwaka 1134 ndiyo iliyoipanua, bahari ikaingia ndani sana. Kwa njia hiyo Bruges ikawa mji wa biashara uliojulikana Ulaya nzima. Meli zilifika Sluis na Damme, na bidhaa zikaendelea mpaka mjini kwa mashua ndogo. Mwaka 1340 Waingereza na Wafaransa walipigana vita vikubwa vya majini mbele ya Sluis. Kama ungekuja wakati ule na kinga, ungezama: mahali penye mashamba leo palikuwa na maji.

Lakini mchanga na matope vilijaa kidogo kidogo. Nao watu wakaharakisha: walijenga matuta, wakazuia bahari, wakalima nyuma yake. Ndiyo maana barabara nyingi za kinga kule zinapita juu ya tuta au kando yake. Kila tuta linaonyesha mahali ambapo bahari ilikomea wakati fulani. Bruges ikapoteza bahari yake, na biashara ikahamia Antwerpen.

Tuta la mwisho kubwa lilimalizika mwaka 1872. Linaitwa Tuta la Kimataifa, kwa sababu linavuka mpaka. Ardhi iliyopatikana nyuma yake ilipewa majina ya wafalme wawili: Willem wa Uholanzi na Leopold wa Ubelgiji. Leopold huyo ni Leopold II, yule tunayemjua. Miaka 13 kabla ya kuifanya Kongo kuwa mali yake mwenyewe, jina lake lilikuwa tayari limewekwa juu ya shamba lililonyang'anywa bahari.

Ardhi chumvi iliyobaki mbele ya tuta ndiyo iliyokuwa hifadhi mwaka 1952. Aliyeianzisha ni Léon Lippens, meya wa Knokke na mpenzi mkubwa wa ndege. Huyu naye hakuwa mgeni kwa nchi yetu: mwaka 1976 alitoa pamoja na Henri Wille kitabu juu ya ndege wa Zaïre. Na katika ukoo wake alitoka Maurice Lippens, Gavana Mkuu wa Kongo ya Wabelgiji toka 1921 mpaka 1923.

Hata kinga yenyewe ina deni kwetu. Mwaka 1888 Dunlop alipata hati ya tairi la kujazwa upepo, na baada ya miaka michache watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wananunua baiskeli kwa wingi. Matairi yalihitaji mpira. Serikali ya Leopold ilijibu haja hiyo kwa kulazimisha vijiji vya Kongo kuleta mpira wa msituni, kwa mateka, kiboko na risasi. Anayepanda kinga kwa raha kando ya bahari ile asisahau jambo hilo. Na sisi tunaosukuma kinga zilizobebeshwa mchele na mafuta ya mawese katika matope ya barabara zetu, tusisahau pia.

Tumefika sasa Blankenberge, mbele ya sanamu. Iliwekwa mwaka 1900. Wawili hao ni Luteni Joseph Lippens na Sajini Henri De Bruyne, mtoto wa mji huo. Walikuwa wajumbe wa serikali ya Leopold hapa Kasongo, kwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Mwaka 1892 Ngongo Lutete alimwacha Sefu akajiunga na serikali, na vita vikazuka. De Bruyne alipelekwa mtoni kuzungumza na wenzake waliokuwa ng'ambo ya pili. Wakamwambia aruke majini wamwokoe. Alikataa, kwa kuwa Lippens alikuwa bado kifungoni. Wote wawili waliuawa mwishoni mwa mwaka ule.

Ni kweli, kumkatalia rafiki usimwache ni ushujaa, na hatuuchekei. Pia ni kweli kwamba watu wa Sefu walikuwa wakiuza watumwa na kuchoma vijiji. Babu zetu waliumia mikononi mwao. Lakini sanamu inasimama kwenye habari za watu wawili. Haisemi kilichofuata. Machi 1893 Nyangwe ilianguka, Aprili ikafuata Kasongo. Miji iliharibiwa. Askari wengi waliopigana chini ya Dhanis, na wengi waliokufa pande zote, walikuwa Waafrika. Ngongo Lutete mwenyewe, aliyewasaidia Wazungu kushinda, alipigwa risasi na serikali hiyohiyo Septemba 1893. Yeye hana sanamu kule pwani.

Kaka yetu, jibu letu ni hili. Sanamu ya wetu haiko, na pengine hatuihitaji ya shaba. Tunahitaji majina. Kule Zwin wameonyesha kwamba hata kilichojengwa kinaweza kurudishwa: hifadhi ilikuwa inajaa mchanga, basi walijenga tuta jipya nyuma zaidi, wakabomoa sehemu ya lile la 1872, na Februari 2019 bahari ikaingia tena. Sehemu ya shamba la Willem na Leopold iko chini ya maji ya chumvi leo, na ndege wanakula humo. Hifadhi imeongezeka hekta 120 hivi.

Kwetu Kasongo bado kuna wazee waliosikia habari za vita vile kwa babu zao: nani alikimbilia wapi, kijiji gani kilihama, nani hakurudi. Msomaji, kama una mzee wa namna hiyo nyumbani, kaa naye jioni hii, andika majina anayokutajia, kijiji na ukoo. Utuletee hata kwa mkono, kwa kinga, kwa simu. Tutayatoa hapa moja baada ya jingine, mpaka mtu akisimama tena mbele ya sanamu ile awe na cha kusoma kwa sauti.