Motokaa Iliyokosa Nguvu

Motokaa za zamani ziliwashwa kwa hendeli, nayo mara nyingine ilirudi nyuma kwa ghafula ikamvunja mtu mkono. Mwaka 1911 Charles Kettering, Mmarekani, alitengeneza mota ya umeme ya kuwashia injini, na Cadillac za 1912 zikauzwa nayo. Taabu ile ikapungua, ikazaliwa nyingine: betri ikifa, injini hailii. Ndipo watu wakajifunza kukopa nguvu kwa jirani kwa nyaya mbili. Wa kwanza huunga ncha za kujumlisha. Wa pili hutoka ncha ya kutoa ya betri nzima hata chuma cha injini iliyozimika, mbali na betri, maana betri hutoa hewa iwezayo kulipuka. Naye mkopeshaji hapati hasara: injini yake huijaza betri yake tena.