Batani Ikiguswa Lazima Ijibu: Vile Unaweza Kujitengenezea Mguso wa Apu Yako

Msee, ukishuka mat Nchiru, kwa ile barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, uko mlangoni pa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Hapo hutakosa mtu anajenga apu: ya kuagiza chipo, ya kutafuta keja, ya kuita nduthi. Nyingi huwa freshi hadi ufike kwa batani ya "Lipa". Unagusa, kimya. Unagusa tena. Kumbe ile ya kwanza ilishika, na sasa ombi la PIN ya M-Pesa limekuja mara mbili. Kama ni mathako ndiye anatumia hiyo apu, anaweza kuweka PIN zote mbili, na fare ya wiki imeenda.

Usilaumu mtandao pekee. Jakob Nielsen aliandika 1993 kwamba jibu likija ndani ya sekunde 0.1, mtu huona limekuja papo hapo. Seva haiwezi hiyo spidi na bando ya kuokoteza. Batani inaweza, juu iko hapo kwa simu.

Kitambo kwa Android watu walitumia StateListDrawable: rangi moja ikibonyezwa, ingine ikitulia. Bado inafanya, ila anza na hali ya kubonyezwa. Simu huchukua ya kwanza inayolingana, so ukitanguliza ile ya kawaida, hiyo ingine hutawahi kuiona. 2014 Android 5.0 ikaleta RippleDrawable, lile wimbi linaloanzia penye kidole kiko. Kwa Kotlin ni hivi tu:

fun pamba(b: View, rangi: Int, wimbi: Int, kona: Float) {
    val umbo = GradientDrawable()
    umbo.setColor(rangi)
    umbo.cornerRadius = kona
    b.background = RippleDrawable(
        ColorStateList.valueOf(wimbi), umbo, null)
}

Sasa kila batani unaipa rangi yake bila kujaza mafaili ya XML. Kona inahesabiwa kwa pikseli, so zidisha na resources.displayMetrics.density, la sivyo itakaa tofauti kwa kila simu. Na kama ni MaterialButton, achana na background yake. Badilisha rippleColor na cornerRadius.

Unataka isinyae kidogo ikiguswa? Weka setOnTouchListener: ACTION_DOWN ipunguze hadi 0.96, ACTION_UP irudishe 1. Wengi husahau ACTION_CANCEL. Mtu akianza kuskroli kidole kikiwa juu ya batani, inabaki imenywea hivyo kama chapo ya jana. Halafu rudisha false mwishoni. Ukirudisha true umekula mguso wote, na wimbi na kubonyeza vinakufa pamoja. Mtetemo nao ni mstari mmoja, performHapticFeedback, lakini usiweke kila mahali, inaboo.

Kwa batani ya pesa, urembo hautoshi. Ikiguswa mara ya kwanza, weka isEnabled = false na alpha = 0.5f, andika "Subiri...", kisha uifungue jibu likirudi ama muda ukiisha. Na bado seva yako ikague namba ya oda kabla ya kutuma ombi lingine, juu mtu anaweza kufunga apu, aifungue, na agonge tena.