Surua: juu ya nini chanjo ni bora kuliko kuacha mutoto agonjwe

Wazazi wengi wanasema: «Surua ni ugonjwa ya watoto, kila mutoto atapitia pale.» Wengine wanaona kama ni heri mutoto agonjwe, apone, mwili wake ukomae. Mawazo hayo yako na ukweli kidogo na hatari kubwa. Kati ya mwaka 2018 na mwezi wa 8 mwaka 2020, surua iliua watu zaidi ya 7 000 katika inchi yetu, zaidi sana watoto wadogo. Wakati ule macho ya watu wote yalikuwa kwa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, yenye iliua watu 2 287.

Namna mwili unapigana

Virusi ya surua inapita katika hewa. Mugonjwa akikohoa ndani ya nyumba kisha akatoka, virusi inaweza kubaki mule kwa muda wa saa mbili. Mugonjwa mumoja anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18 wenye hawana kinga, na anaanza kuambukiza siku nne mbele ya vipele kuonekana.

Ndani ya damu kuko chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Virusi mupya ikiingia, askari hao hawaijue bado. Wanahitaji siku nyingi ili kutambua sura yake na kutengeneza antikore, silaha yenye inaishika na kuizuia isiingie katika chembe zingine. Vita ikiisha, sehemu ya askari inabaki na kumbukumbu. Virusi ile ikirudi, wanaitambua mbio. Njo maana mutu mwenye alipona surua hagonjwe tena surua.

Chanjo inafanya nini?

Chanjo iko na virusi ya surua yenyewe, lakini yenye ilipunguzwa nguvu. Askari wanaiona, wanajifunza, wanaweka kumbukumbu, bila mutoto kupitia ugonjwa. Kisha wiki moja ao karibu mbili, watoto wengine wanapata homa ao vipele kidogo. Mara nyingi hiyo ni mwili unajifunza, na inaisha yenyewe.

Surua inafuta kumbukumbu

Hapa ndipo mawazo ya «agonjwe akomae» yanaanguka. Virusi ya surua inashambulia zaidi zile chembe zenye kubeba kumbukumbu. Mwaka 2019, watafiti walitangaza matokeo ya damu ya watoto wa Uholanzi wenye hawakuchanjwa, yenye ilipimwa mbele na kisha kugonjwa surua. Watoto hao walipoteza kati ya 11 na 73 kwa mia ya antikore zao za magonjwa mengine.

Maana yake, mutoto anapona surua, lakini mwili wake umesahau namna ulipigana na magonjwa ya mapafu ao ya tumbo. Kinga inaweza kubaki zaifu kwa miaka miwili ao mitatu. Kwa mutoto mwenye hapate chakula cha kutosha, ao mwenye anaishi katika kambi ya wakimbizi, hiyo inaweza kuleta kifo miezi mingi kisha vipele kuisha. Chanjo haifute kumbukumbu ile.

Muzazi afanye nini?

Dozi ya kwanza inatolewa kwa miezi 9. Inalinda karibu watoto 85 kwa 100. OMS inashauri dozi ya pili kati ya miezi 15 na 18, ili kushika wenye walibakia. Surua inazuiliwa katika muji kama karibu watoto 95 kwa 100 wamepata dozi zote mbili.

Chanjo hii inachungwa katika baridi ya digri 2 mpaka 8. Chupa moja mara nyingi iko na dozi 10, na ikifunguliwa inatupwa kisha saa 6. Kwa hiyo vituo vingi vinakusanya watoto siku moja. Mama, uliza siku hiyo, na uchunge muzuri fishi ya mutoto.

Mutoto akiwa na homa, kikohozi, macho mekundu na vipele, umupeleke haraka kwenye kituo cha afya. Kule atapewa vitamini A, yenye inapunguza hatari ya upofu na kifo. Usingojee vipele vitoke vyote.