Mwenye Flashi Ndiye Mkubwa

Tukibonga kuhusu muvi za kunakiliwa, stori huwa ni ileile: sheria inasema nini, na nani ana doo ya kulipia Netflix. Sawa. Mimi leo nataka tuongee juu ya heshima. Kwa nini msee akeshe usiku mzima akitafuta faili za kumpa mtu asiyemjua, na halipwi hata ndururu?

Turudi 1993. Huko Moscow kulianza kundi lililoitwa DrinkOrDie. Kazi yao ilikuwa kuvunja kinga za programu za kompyuta na kuzisambaza bure kwenye seva za siri. Walijulikana sana kwa kuiachilia Windows 95 kabla haijafika madukani. Ndani ya makundi kama hayo hakuna aliyejua sura yako wala baba yako ni nani. Uliingia kwa kuletwa na mwenyeji, na ukabaki kwa sababu unaleta vitu. Aliyetoa kitu wa kwanza ndiye aliyehesabiwa. Wa pili, hata kama amechelewa kidogo tu, mzigo wake ulikuwa takataka. Na kila mzigo ulisafiri na kijifaili cha maandishi chenye jina la kundi na majigambo yake. Huo ndio ulikuwa mshahara.

Mshahara wenyewe uliwatokea puani. Desemba 2001 polisi wa nchi kadhaa waliwavamia kwa pamoja, msako ulioitwa Operation Buccaneer. Mmoja wa vigogo wa kundi, Hew Griffiths, alikuwa akiishi Australia. Mwaka 2007 alipelekwa Marekani, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, akahukumiwa miezi 51. Na kazi yenyewe haikuwa imemtajirisha. Hapo ndipo mimi hubaki nikijikuna kichwa.

Wapenda muziki nao walikuwa na What.CD. Kama hukuwa na mtu wa kukualika, ulihojiwa kuhusu aina za faili za sauti, na watu waliyasomea mahojiano hayo kama KCSE. Ukishaingia, unahesabiwa: umechukua ngapi, umerudisha ngapi. Mlafi alitolewa. Ilipofungwa Novemba 2016, vyeo vyote viliyeyuka, na mtu aliyekuwa bingwa jana akaamka mtu wa kawaida.

Sasa hapa Kenya hiyo hesabu ingetushinda mapema. Hadi nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, polepole na bei kali. Kupakua muvi moja ilikuwa ni kujitafutia pressure. Kwa hivyo faili zetu zilitembea: ndani ya CD, baadaye DVD moja iliyobanwa filamu kibao, halafu flashi. Zilipanda matatu. Na zilipanda boti.

Ndiyo maana nataka twende Remba. Ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay, na ukiendelea na maji unaipata Migingo ya Migori, ile ya vurugu na Uganda. Mabati yamegusana mabati. Wakenya, Waganda na Watanzania wote wako hapo kwa ajili ya samaki, mbuta na omena. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hivyo mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hubaki nchi kavu. Hebu piga picha: wanaume wengi, muda mwingi, pesa kidogo mfukoni. Kibanda cha video lazima kijae.

Jamaa wa kibanda nilichoingia hakuwa na boti wala nyavu, lakini alisalimiwa kuliko wenye boti. "Omera, umeletewa nini?" Kila mtu ni hivyo. Flashi yake ilitoka Mbita, imefungwa kwa karatasi ya nailoni isilowe, na nahodha aliyeibeba anaingia bure wakati wowote. Aliyeleta muvi anakaa mbele. Sisi wengine, shilingi 20, na ukichelewa unasimama mlangoni. Ni hesabu ileile ya What.CD, ila hapa ukikosa kuchangia unaonekana kwa macho.

Kitu kilichonishika zaidi ni ubishi wa sauti. Muvi ni moja, ya Kichina au ya Marekani, lakini iwekwe ya nani? Mganda anataka VJ Jingo, anayeitafsiri kwa Kiganda juu kwa juu. Mkenya anamtaka DJ Afro, ambaye akishika muvi yoyote anaongezea vichekesho mpaka unasahau mwenye muvi ni nani. Watanzania wana ukoo wao tangu enzi za Lufufu, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo Dar es Salaam. Ukisikia sauti inayotoka kibandani unajua leo wengi ni akina nani. Mwelekezi wa filamu hakuna anayemjua. Jina la mtafsiri ndilo linalotajwa, kama yale majigambo ya DrinkOrDie, tofauti ni kwamba hili linatamkwa kwa mdomo na watu wanacheka.

Siwapambi hawa watu. Wasichana hawakuwa mle ndani, na niliyemuuliza nje, anayeanika omena, alinijibu tu kwamba hapo ni pa wanaume. Kwenye seva za siri pia wanaume ndio walijaa. Na flashi haibagui: inabeba Hollywood, inabeba pia kazi ya watoto wetu wa Nairobi waliokopa pesa kutengeneza filamu. Hollywood haitasikia uchungu. Hao wengine watasikia.

Siku hizi simu zimefika kila mahali na Telegram imejaa muvi. Nilimuuliza jamaa kama haogopi kibanda kufa. Akasema vijana bado wanamletea simu zao awawekee, kwa sababu bando inaisha haraka. Na muvi ikiwa haina sauti ya DJ, wanairudisha.