Saksofoni ya Verckys: pumzi ni yako, bendi ni ya nani?

Hapa Kasenyi kila mtoto wa ziwa anajua jambo moja: kuwa mvuvi hodari ni kitu kimoja, na kuwa mwenye mtumbwi na nyavu ni kitu kingine. Usiku kucha mnavua pamoja, lakini asubuhi samaki wakigawanywa, mwenye nyavu ndiye anahesabu. Leo nataka tuangalie maisha ya wapuliza saksofoni wa nchi yetu kwa jicho hilohilo.

Turudi Léopoldville, mwaka 1956. OK Jazz inazaliwa ndani ya baa ya Oscar Kashama, na hata jina inalipata pale. Kati ya waanzilishi yupo Jean Serge Essous, kijana wa Brazzaville, mpuliza saksofoni na klarineti. Hakukaa sana. Alipita Rock-a-Mambo, kisha 1959 akavuka mto kurudi kwao kuanzisha Bantous de la Capitale. Isaac Musekiwa yeye alitoka mbali, Rodezia (leo ni Zimbabwe), akapitia Lubumbashi mpaka akafika kwa Franco. Manu Dibango wa Kameruni aliletwa na Grand Kallé mwaka 1961, na 1963 alikuwa amekwisha kwenda kwao.

Mbona walihama hivyo? Wengine watasema wanamuziki hawatulii. Mimi naona sababu nyingine. Studio kubwa za wakati ule, Ngoma na Loningisa, zilikuwa za wafanyabiashara Wagiriki. Baa ina mwenyewe, vyombo vina mwenyewe, jina la bendi lina mwenyewe. Mpulizaji alikuja na pumzi yake tu. Hata ukipuliza watu wakalia, kesho wewe bado ni mtu wa kungoja mshahara.

Ndipo anaingia Kiamuangana Mateta, aliyezaliwa Kisantu mwaka 1944, tunayemjua kama Verckys. Aliingia OK Jazz 1963, na saksofoni yake ikapendwa sana. Lakini huyu kijana alikuwa anatazama pia nani anahesabu samaki. Franco alipokuwa safarini Ulaya, Verckys akarekodi nyimbo zake pembeni na wanamuziki walewale wa OK Jazz. Ilikuwa haki? Franco hakuona hivyo, na ugomvi ukawaka. Mwaka 1969 Verckys akatoka, akaanzisha Orchestre Vévé. Halafu akafanya jambo ambalo wapulizaji wengi hawakuliweza: akawa mwenye lebo yake mwenyewe, Éditions Vévé, na mwaka 1978 akafungua jumba lake Kinshasa, Vévé Center.

Sasa angalieni saa yenyewe. Mwishoni mwa mwaka uleule wa 1969 ikazaliwa Zaïko Langa Langa: magitaa, ngoma, sauti za vijana, na hakuna saksofoni wala tarumbeta. Mtindo ukashika. Mpulizaji aliyejua kupuliza tu alianza kuona milango inafungwa. Verckys yeye, mtu wa saksofoni, alikuwa anatoa sahani za bendi za vijana kama Bella Bella, Lipua-Lipua na Kiam, ambako gitaa ndilo lilitawala. Upepo uligeuka, lakini nyavu zilikuwa zake.

Ila tusimfanye malaika. Aliyemkimbia bosi naye akawa bosi. Ndugu wawili Soki wa Bella Bella walimwacha wakatafute uhuru wao, kama vile yeye alivyomwacha Franco. Verckys alifariki Oktoba 2022, na mpaka leo watu wanabishana: alifungulia vijana njia au aliwatumia? Pengine yote mawili ni kweli.

Sisi tuliomaliza masomo tunapenda kusema «kifungu cha 15», jitafutie. Sawa. Lakini wengi wetu hapa Bunia tunajitafutia kwa kubadilisha bosi tu: leo shirika hili, kesho lile, mkataba wa miezi 6, halafu tunarudi kungoja. Diploma ni pumzi, na ni kitu kizuri, tuliilipia kwa jasho la wazazi. Basi jiulize, na mimi najiuliza pia: siku upepo ukigeuka, mkononi mwako kutabaki nini ambacho ni chako? Na kama ukipata nyavu zako, wale utakaovua nao utawagawia vipi?