Barua Zisizo na Anwani: Upangaji wa Ujumbe wa Familia Masisi na Walikale

Mhadhiri anayefungua kompyuta yake asubuhi na kukuta barua-pepe mia moja ambazo hajazisoma hudhani kwamba tatizo lake ni jipya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Wingi wa barua unaozidi mikono ya kuzipokea ulikwisha kukabiliwa, kwa sababu nzito zaidi, katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini. Hoja yetu ni kwamba huko kazi ngumu haikuwa kusoma wala kujibu, bali kulitambua jina.

Asili ya utaratibu wenyewe iko mbali. Mnamo Agosti 1914 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua mjini Geneva wakala wa wafungwa wa vita. Barua za familia zilimiminika kwa maelfu kila siku. Wafanyakazi, akiwamo mwandishi Romain Rolland, hawakuziacha zirundikane kwa tarehe ya kufika. Barua ilifunguliwa, jina la anayetafutwa likanakiliwa kwenye kadi, barua ikawekwa kando. Majina yaliyotoka katika orodha za wafungwa yalipewa kadi vilevile, na kadi zote zikapangwa pamoja. Kadi ya anayetafutwa ilipokutana na kadi ya aliyepatikana, jibu lilikuwa tayari. Vita vilipokwisha, kadi zilikuwa zimefikia mamilioni.

Kivu ilihitaji utaratibu huu katika miaka ya 1990. Mnamo Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Mnamo Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kutoka Rwanda, na kuanzia mwishoni mwa 1996 wengi wao walikimbilia magharibi, kupitia Masisi na Walikale, hadi Tingi-Tingi. Wazazi na watoto walipoteana njiani.

Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ulikuwa karatasi isiyofungwa, yenye habari za familia tu. Siasa na mambo ya jeshi hayakuruhusiwa. Nafasi ya jibu ilikuwa kwenye fomu ileile. Yaani uchujaji ulifanywa kabla ya barua kuondoka, si baada ya kufika. Ujumbe usiompata mwenyewe ulirudishwa kwa aliyeuandika, pamoja na sababu. (Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa: barua tusizoweza kuzishughulikia tunaziacha zikae, na mwandishi hajui kama tumekataa au tumesahau.)

Lakini jina lipi? Tahajia iliyoachwa na utawala wa Kibelgiji inaandika Kitchanga na Kirotshe, ilhali msomi wa Kiswahili sanifu angeandika Kichanga na Kiroche. Karani anayetafuta chini ya «Kic» haioni kadi iliyowekwa chini ya «Kit». Majina ya watu yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo, hata mtu akawa Yosefu kanisani na mwingine kabisa katika kitambulisho chake. Ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kuwa na jina moja la ukoo. Na jirani aliyeishi nawe miaka kumi aweza kukujua kama Mama Furaha tu, basi. Ndiyo maana fomu iliuliza jina la baba, jina la mama, na mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho.

Hapo lugha ilisaidia pale maandishi yaliposhindwa. Watu wa kujitolea waliyasoma majina kwa sauti palipo na mkusanyiko, sokoni au nje ya kanisa, na Kiswahili kiliwaunganisha wasikilizaji wa Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda. Sikioni Kitchanga na Kichanga ni mji mmoja. Mtu akasimama na kusema: huyo ni shemeji yangu, yuko ng'ambo ya mto.

Walikuwapo, hata hivyo, watoto wadogo mno, wasioweza kutaja jina la baba wala la kijiji. Kadi zao hazikuwa na pa kuwekwa katika mpangilio wa alfabeti. Hao walipigwa picha, na picha zikabandikwa makambini, ili mzazi apitaye atafute uso badala ya jina.