Nani Aliyeijenga Pwani ya Guyana?

Mabepari wanapoandika historia ya nchi huanza na majina ya magavana na makampuni. Sisi tunaanza na swali jingine: kazi ilifanywa na nani, na matunda yake yalichukuliwa na nani? Katika pwani ya Guyana, kaskazini ya Amerika ya Kusini, jibu la swali hili liko wazi kuliko mahali pengi, kwani huko ardhi yenyewe, siyo mazao yake tu, ni zao la jasho la binadamu.

Pwani hiyo ni ukanda mwembamba wa udongo wa mfinyanzi, ulio chini ya usawa wa bahari wakati maji yanapojaa. Kwa asili yake ilikuwa mikoko na tope. Mbele iko bahari ya Atlantiki. Nyuma viko vinamasi vinavyofurika wakati wa mvua. Hata hivyo, wananchi walio wengi wa Guyana, yapata tisa katika kila kumi, wanaishi katika ukanda huo, na mji mkuu wa Georgetown umo humo.

Waholanzi walioitawala nchi hiyo walikaa kwanza bara, kandokando ya mito Essequibo na Berbice. Katika karne ya 18, udongo wa huko ulipochoka, walishuka pwani. Kwao Uholanzi walikuwa na ujuzi wa karne nyingi wa kuinyang'anya bahari ardhi. Tangu karne ya 13 walikuwa na mabaraza ya maji, ambamo wenye mashamba walibeba pamoja wajibu wa kulinda tuta na kuamua mambo yake. Lakini walipokwenda Guyana walichukua tuta wakaacha baraza. Mahali pa baraza waliweka mjeledi.

Kila shamba la mkoloni lilizungukwa na matuta manne: la mbele kuzuia bahari, la nyuma kuzuia maji ya vinamasi, na mawili ya ubavuni. Ndani yake ilichimbwa mifereji ya aina mbili: ya chini kutoa maji, na ya juu kuleta maji baridi na kupitisha mashua za miwa. Penye tuta la mbele palikuwa na mlango wa maji, uliofunguliwa bahari inapokupwa na kufungwa inapojaa. Watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa zaidi: mlango ukiachwa wazi siku ya bamvua, shamba zima linakunywa chumvi.

Tume ya Venn, iliyochunguza kilimo cha miwa cha Guyana mwaka 1948 na 1949, ilikadiria kwamba kila maili moja ya mraba ya miwa ilihitaji maili 49 za mifereji ya kutoa maji na maili 16 za mifereji ya juu. Kazi yote hiyo ilihamisha udongo usiopungua tani milioni 100. Ndugu Walter Rodney, aliyefundisha historia Dar es Salaam kwa vipindi viwili kati ya 1966 na 1974, aliizingatia hesabu hiyo katika kitabu chake juu ya wafanyakazi wa Guyana. Kitabu kilitoka mwaka 1981. Yeye alikuwa ameuawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Ndugu Rodney alisisitiza jambo ambalo hesabu peke yake haisemi: tani hizo zilihamishwa na watumwa waliotolewa Afrika, kwa koleo mkononi, wakiwa ndani ya tope na maji.

Watu hao hawakukubali hali hiyo kimya. Mwaka 1763 Kofi aliongoza uasi mkubwa wa Berbice, na mwaka 1823 watumwa wa Demerara waliinuka dhidi ya Waingereza, waliokuwa wamerithi nchi na unyonyaji wake. Utumwa ulipokoma kabisa mwaka 1838, walifanya tendo linalostahili kukumbukwa na kila mjamaa. Mwaka 1839 watu 83 walichanga fedha zao wakanunua shamba la Northbrook, wakaliita kijiji cha Victoria. Mwaka uliofuata wengine 128 walinunua shamba jingine, wakaliita Buxton. Walinunua kwa fedha ardhi ambayo wao na wazazi wao waliitoa chini ya bahari bila malipo!

Je, walikuwa huru? Azimio la Arusha linataja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Wanavijiji wa Guyana walikuwa na watu, na sasa walikuwa na ardhi. Serikali ilibaki mikononi mwa wenye mashamba. Kijiji kimoja hakiwezi kuzuia bahari peke yake, kwa sababu maji hayajui mpaka wa shamba. Wanavijiji hawakuwa na mtaji wa kutunza matuta na mifereji, na dola iliyoweza kuwasaidia ilikuwa dola ya adui zao. Sheria za 1852 na 1856 zilipunguza idadi ya watu walioruhusiwa kununua ardhi kwa pamoja, kwanza hadi 20, kisha hadi 10. Tangu 1838 hadi 1917 waliletwa vibarua wa mkataba wapatao 239,000 kutoka India ili kushusha ujira, na sehemu ya gharama ililipwa kwa kodi za watumwa wa jana. Hivyo mnyonge mmoja alitozwa ili mnyonge mwingine aletwe kushindana naye.

Tunajifunza nini? Kwanza, ardhi ya pwani ile ni kazi iliyorundikana, na anayedai ni mali yake kwa hati tu anaficha jasho la wengine. Pili, kumiliki ardhi bila kumiliki mlango wa maji ni uhuru nusu: njia za pamoja za uzalishaji lazima ziwe chini ya mamlaka ya umma. Tatu, hata umma ukishika mamlaka, tuta halilindwi na maazimio. Guyana ilitaifisha mashamba ya sukari mwaka 1975 na 1976. Januari 2005 mvua kubwa zilifurika Georgetown na vijiji vya pwani ya mashariki, Buxton na Victoria vikiwa katika ukanda huo huo.

Bahari zinapanda leo kwa sababu ya moshi ambao wanyonge waliutoa kidogo kabisa. Katika mabonde ya mpunga ya Pemba maji ya chumvi yamekwisha kuingia. Tutajenga matuta, na ni lazima tuyajenge. Lakini tuta litamlinda mkulima ikiwa tu yule anayeshika koleo ndiye pia anayekaa katika baraza.